Barabara Niliyoandika Kwamba Haipo

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa na njia nne na taa katikati. Niliandika kwamba barabara fulani haipo. Niliandika kwa herufi nzito, nikaambatanisha ramani ya rangi, na siku watu walipofungua ripoti yangu kuisoma, malori ya kontena yalikuwa yanapita juu ya barabara hiyo tangu asubuhi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi Burnsville, kule Minnesota, Marekani, na niliamini kwamba mtu akikosea jambo moja kazini hataaminiwa tena hata akisema leo ni Jumanne. Nimeyakumbuka haya kwa sababu mwezi wa kumi mwaka huu Dada Lin alikuja Saint Paul kumleta mwanawe chuoni, na Shangazi Rehema, ambaye sasa amehamia nyumba kubwa kule Roseville, akasema mgeni wangu hawezi kula hotelini wakati yeye yupo. Basi nilikaa mezani katikati ya wanawake wawili ambao mwaka ule, kila mmoja kwa upande wake wa dunia, walinitoa kwenye shimo nililojichimbia, na walikuwa hawajawahi kuonana. Nilitafsiri mpaka ubwabwa wangu ukapoa. Walizungumza zaidi kuhusu magoti yao.

Habari za wazazi wangu na Moshi nilikotoka nitaziacha, hazina kosa lolote katika mambo haya. Nianze na chumba. Nilipanga na Odhiambo, Mkenya, muuguzi katika hospitali moja ya Saint Paul, kwenye ghorofa ya tatu inayotazama maegesho ya magari, na ng'ambo ya maegesho barabara kuu namba thelathini na tano. Odhiambo alikuwa na kitanda, kochi na televisheni. Mimi nilikuwa na godoro na ubao wa kupigia pasi, ambao niliushusha ukawa meza. Hapo ndipo nilipojifundisha kila ninachokijua. Chuo nilikiacha katikati, nikawa natunza wazee katika nyumba yao ya kulelea, na wakati wa kukunja mashuka nilikuwa nasikiliza masomo ya Kichina kwa sikio moja. Kwa nini Kichina, sijui kusema vizuri hata leo. Nadhani nilitaka kitu kigumu ambacho hakuna mtu niliyemjua angeweza kunisahihisha. Nikajifunza na kuchora ramani kwa kompyuta, kwa njia hiyohiyo, video baada ya video. Mmoja wa wale wazee alikuwa na mtoto wa kiume aliyeitwa Carl, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na Carl siku moja alinikuta nahesabu foronya kwa Kichina. Alikuwa na ofisi ndogo Saint Paul, juu ya kliniki ya meno, iliyowashauri Wamarekani wanaotaka kuwekeza ng'ambo. Akaniuliza kama naweza pia kusoma hiyo lugha. Nikamwambia naweza, kisha nikaenda chooni nikakaa humo mpaka moyo ukatulia.

Mteja wetu mkubwa mwaka ule alikuwa Bi Darlene. Familia yake ilikuwa na maghala ya baridi ya kuhifadhia nyama ya bata mzinga katika miji midogo ya magharibi mwa Minnesota, na sasa yeye, akiwa mwanamke wa miaka sabini mwenye mikono ya mfugaji, alitaka kujenga ghala kama hayo Qingdao, mji wa bandari ulio kaskazini mwa China. Qingdao wakati huo ilikuwa inajitanua kuelekea baharini. Walikuwa wanajaza kifusi mahali palipokuwa na mabwawa ya chaza, wanasimamisha kreni, wanapima viwanja na kuwaalika wageni waje na mitaji yao. Eneo hilo la viwanda lilikuwa na ofisi ya kupokea wawekezaji, na afisa wa kutushughulikia sisi alikuwa Lin. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuchunguza kama kiwanja alichooneshwa Bi Darlene kitafikika. Umeme upo? Maji? Barabara ya kutoka lango la bandari hadi kiwanjani? Ghala la baridi lisilo na barabara ni jokofu lililowekwa baharini.

Nilitazama picha za setilaiti. Nikaona tope, mabwawa, na mstari mwembamba ambao ungeweza kuwa njia ya baiskeli. Halafu nikatazama nje ya dirisha langu. Pale barabara ya thelathini na tano kulikuwa na yale mapipa ya rangi ya machungwa ya kufunga njia, na njia hiyohiyo moja ilikuwa imefungwa tangu kiangazi kilichopita. Odhiambo alikuwa akisema mapipa yale yamepewa uraia. Basi mimi, bila kujua kwamba ndicho nilichokuwa nafanya, nilipima barabara ya Qingdao kwa saa ya Burnsville. Niliandika: barabara haipo, na haitarajiwi kuwepo kabla ya miaka miwili. Na hilo lisingekuwa baya sana kama ningelituma siku ileile. Sikulituma. Nilianza kuling'arisha. Nilibadilisha rangi ya bahari kwenye ramani. Nilihakiki kila jina la Kichina, nikalihakiki tena, nikaota kwamba nimelikosea nikaamka kulitazama. Carl akiuliza, namjibu imebaki kidogo. Theluji ikayeyuka, bata wakarudi kwenye bwawa la maegesho, mimi bado napanga pambizo za kurasa. Kule Qingdao, katika wiki hizohizo, walimwaga kifusi, wakashindilia, wakaweka lami.

Ripoti ilipotoka ilikuwa nzuri. Hilo nalisema bila kujisifu, ilikuwa nzuri kwa kuitazama. Bi Darlene aliisoma akasimamisha kila kitu. Nakala ikafika kwa Lin, na Lin hakuniandikia neno. Alinitumia picha. Lori jekundu lenye kontena, lami nyeusi mpya, michoro myeupe ya njia, na kwenye pembe ya picha kidole chake cha gumba.

Siku ile jioni kulikuwa na kikao cha harusi kwa Shangazi Rehema. Si shangazi yangu wa damu. Ni shangazi wa kila Mtanzania aliyetua uwanja wa ndege wa Minneapolis bila koti. Binti yake Neema alikuwa anaolewa mwezi wa saba, na kama ilivyo kwetu, harusi ya mtu haiachiwi maharusi. Kuna kamati. Kuna mwenyekiti, katibu, kamati ndogo ya chakula, ya mapambo, ya usafiri, na kila wiki mbili mnakutana mnakula na kutoa taarifa. Mwenyekiti alikuwa Shangazi mwenyewe. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko. Odhiambo hakuwa Mtanzania wala ndugu wa mtu, ila alikuwa na gari kubwa, hivyo akapewa usafiri na ukumbi. Tulikutana katika chumba cha shughuli chini ya jengo la Shangazi, chumba chenye zulia la kijivu, sinki, na mashine ya soda iliyonguruma peke yake. Kulikuwa na pilau, kachumbari, sambusa na chupa kubwa mbili za chai. Watoto walikuwa wanakimbizana wakipiga kelele kwa Kiingereza, ukiwaita kwa Kiswahili wanakuja, ukiwauliza wanajibu kwa Kiingereza.

Nilijitahidi kukaa kama mtu mwenye amani. Shangazi alifungua kikao, akaomba muhtasari wa kikao kilichopita, na mimi nikasema bado naunyoosha.

"Unaunyoosha kwani ulikunjamana?" aliuliza mama wa kamati ya chakula.

"Wa kikao cha nyuma ya hicho nimeupata juzi," alisema mwingine. "Nikafurahi kusoma kwamba tutatafuta mpiga picha. Tumeshamlipa."

"Muachieni katibu wangu," Shangazi alisema. "Twende kwenye taarifa. Odhiambo, ukumbi. Na usiniambie ukimaliza utatuambia. Niambie ulipofikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Hakuna aliyeruhusiwa kusema nikimaliza. Odhiambo hakuwepo chumbani. Alikuwa zamu, na alipotoka zamu alikwenda moja kwa moja Roseville kuutazama ukumbi, kwa hiyo akapigiwa simu ya video na sura yake ikawekwa kwenye televisheni iliyobanwa ukutani. "Shangazi, nime-drive mpaka huku, wananiambia wanafunga saa hizi, so nitaenda haraka," alisema, akageuza simu. Tukaingia naye mlangoni. Tukaona jukwaa, meza za duara, jiko. Akina mama walimwongoza kama rubani anayetua. Fungua hilo kabati. Washa hiyo taa. Geuka nyuma. Halafu akainua simu juu, na darini pakaonekana doa kubwa la kahawia lenye ukungu pembeni.

"Hapa maji hushuka," alisema. "Watchman ameniambia. Mvua ikinyesha mbaya, inadondoka hapo kwa hiyo kona. Na choo cha wanaume mlango moja haifungi."

Nilidhani mambo yamekwisha. Mimi ningekuwa Odhiambo ningeliruka lile doa kwa mwendo wa simu, au nisingepiga simu kabisa mpaka nipate ukumbi mwingine usio na doa, na Neema angezeeka. Shangazi alitafuna, akafikiri. "Kona hiyo tusiweke watu," alisema. "Tutaweka meza ya keki mbali, pale tuweke maua na ndoo ndani ya maua. Jiko lao ni zuri. Tuchukue." Wote wakakubali na kurudi kwenye pilau. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Baada ya kikao nilibaki kuosha masufuria, na ndipo nilipomwonesha Shangazi ile picha. Sikumwonesha kwa ushujaa. Aliniuliza kwa nini nimekula kidogo, na mimi nikiulizwa kuhusu chakula husema kweli. Alivaa miwani. "Hii ndiyo barabara ambayo haipo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Mbona naiona?"

Nilimweleza yote, na mama wa chakula akaja kusikiliza, na Odhiambo akawa amefika kutoka Roseville, simu yangu ikazunguka kwenye mikono yenye mafuta ya pilau. "Lorry inapita kwa barabara haiko," Odhiambo alisema taratibu. "Buda, hiyo si kosa, hiyo ni muujiza." Walicheka mpaka mama wa chakula akakaa chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa huruma. Kicheko sikuwa nimejiandaa nacho, na nikajikuta nacheka na mimi, kwa pua, sabuni mkononi. Kisha nikawaambia mpango wangu: ninahitaji wiki tatu niandike ripoti nyingine, kamili, isiyo na kosa. Tatizo ni kwamba ofisi ya Lin ilikuwa inakishikilia kile kiwanja hadi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ulikuwa umekaribia kuliko wiki tatu. Bi Darlene asipothibitisha, kinakwenda kwa mwekezaji mwingine. Ghala halitakuwepo, Carl atapoteza mteja wake mkubwa, na mimi nitarudi kwenye mashuka.

Shangazi alivua miwani. "Huyo dada wa China ana simu?"

"Anayo."

"Ana gari?"

"Nadhani."

"Basi unaandika nini?"

Asubuhi nilimwambia Carl, nimesimama, maana nikikaa ningeanza kujieleza. Alikuwa anakunywa ile kahawa yao nyepesi ambayo unaona chini ya kikombe. Nilisema barabara ipo, nilikosea, na kwamba nataka Bi Darlene aione kwa macho yake pamoja nasi, moja kwa moja, Lin akiendesha gari kutoka lango la bandari. Carl alizungusha kikombe kwa ule utulivu wa watu wa huku, ambapo hujui kama amekasirika au anafikiria chakula cha mchana. Mwishowe aliuliza, "Na kama kuna shimo katikati ya hiyo barabara?"

"Ataliona," nilisema.

"Na wewe pia utaonekana. Unajua?"

Nilijua. Nikampigia Lin. Kichina changu wakati ule, kwa kuwa nilikitoa kwenye masomo ya kurekodiwa, kilikuwa cha mtangazaji wa taarifa ya habari, na Lin alikuwa akicheka kabla sijamaliza salamu. Kwa umri alinizidi miaka kumi hivi. Nilikuwa namwita kwa cheo chake chote, Naibu Mkuu wa Kitengo, na siku hiyo akasema imetosha, niite dada. Nikamweleza ninachotaka. Akasema atauliza, akarudi baadaye akasema sawa, Ijumaa saa moja asubuhi, ambayo kwetu ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni.

Chumba chetu cha mikutano kilinukia karafuu kutoka kliniki ya meno ya chini. Bi Darlene alikuja na sinia la keki za mraba alizopika mwenyewe, maana watu wa kule kwao hawaingii kwenye chumba cha watu mikono mitupu, na mimi nilikuwa na sambusa za Shangazi, aliyesema neno hilohilo kuhusu watu wetu. Tukazipanga pamoja. Bi Darlene aliumwa ulimi na pilipili akachukua ya pili. Nilishika ukingo wa meza ionekane nimekaa kwa kujiamini. Kisha uso wa Lin ukatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, amefunga nywele, nyuma yake ukungu mtupu. Mwanzo wa kiangazi Qingdao hufunikwa na ukungu wa baharini, na asubuhi hiyo ulikuwa mzito. Kreni zilionekana miguu tu.

Alibandika simu juu ya dashibodi, akaondoka. Tukaona lango la bandari, walinzi, foleni ya malori. Tukaona barabara yangu. Ilitoka ndani ya ukungu kipande kwa kipande, taa moja, nyingine, mti mchanga ulioegemezwa vijiti, na kila taa ilipotokea mimi niliona aibu upya na furaha upya. Lin aliongea bila kupumzika, nami nikatafsiri: kulia ni kituo cha umeme, kimewashwa mwezi uliopita. Kushoto kitakuwa reli, bado. Pale palikuwa na mabwawa ya chaza ya mjomba wake. Mjomba sasa anakaa ghorofani, analalamika kwamba hasikii harufu ya bahari, ila hashuki tena majini wakati wa baridi. Bi Darlene aliuliza mjomba ana umri gani. Lin akajibu. Bi Darlene akatikisa kichwa kama mtu anayemjua.

Kisha gari likapita mahali malori yalipokuwa yanakata kona, likapunguza mwendo, na lami ikaisha. Mbele kulikuwa na vizuizi vyekundu na vyeupe, kokoto, na mtaro mrefu wenye mabomba makubwa ya saruji yaliyolazwa kando, hayajafukiwa. Ng'ambo ya hapo barabara iliendelea. Lin alizima injini. Akasema kwa Kichina, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kipande hiki hakijakamilika, ni mabomba ya maji ya mvua, mhandisi anasema wiki mbili.

Carl alinitazama. Hakuna mtu mwingine chumbani aliyejua amesema nini. Nilikuwa na maneno mawili au matatu mdomoni, yote laini: karibu imekamilika, marekebisho madogo, hatua ya mwisho. Kwa maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwonesha mtu kitu chenye pengo katikati. Nikasikia sauti yangu ikisema, kwa Kiingereza kibovu kuliko kawaida yangu, "Hapa bado. Mabomba hayajafukiwa. Wao wanasema wiki mbili. Mimi sijui kama ni wiki mbili, na safari hii sitakisia."

Bi Darlene alisogeza kiti chake mbele mpaka magoti yakagusa ukuta. "Mwambie ashuke," alisema. "Nataka kuona ukubwa wa hayo mabomba."

Lin akachukua simu, akashuka. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini, vyeusi, vyenye kisigino kifupi, na tukaona vikizama kwenye tope mpaka juu. Alisimama ndani ya bomba moja akiwa wima, nywele zake hazikugusa juu. Wafanyakazi watatu waliokuwa wanakula mikate ya kukaanga kando ya kigari cha muuzaji waligeuka kumtazama afisa aliyesimama ndani ya bomba akiongea na simu. Mmoja alisema kitu na wenzake wakacheka.

"Wanasemaje?" Bi Darlene aliuliza.

"Wanamuuliza kama amekosa nyumba ya kupanga."

Bi Darlene alicheka kwa sauti ambayo sikuitarajia kutoka kwa mwanamke wa kule. Kisha akamwomba Lin amwoneshe mikate ile inavyokaangwa, na tukautumia muda mzuri wa mkutano wetu wa uwekezaji kutazama unga ukimiminwa kwenye bati la moto. Baadaye Lin alivuka kokoto kwa miguu, akatuonesha kiwanja: nyasi, vigingi vyenye vitambaa vyekundu, ukungu. Bi Darlene hakusema ndiyo siku ile. Alifuta vidole, akauliza kama sambusa zilizobaki zina mwenyewe, akazifunga kwenye karatasi. Mlangoni alimwambia Carl, mimi nikisikia, "Ile ripoti ya kwanza ilikuwa nzuri mno, sikuona mahali pa kuuliza swali." Kesho yake alithibitisha kiwanja. Carl aliniambia tu kwamba Jumatatu nije mapema, kuna mteja mpya, na kwamba Alhamisi nimpe nitakachokuwa nacho, vyovyote kitakavyokuwa.

Kuna jambo ambalo sikulijua mwaka ule. Nimelijua mwezi wa kumi, mezani kwa Shangazi, wakati Lin anachambua mfupa wa samaki. Kulikuwa na njia nyingine. Barabara ya kaskazini, ndefu zaidi, inazunguka, ila lami tupu mwanzo mwisho. Bosi wake alikuwa amemwagiza apite huko. Alilala vibaya usiku ule, akafika langoni na hajaamua, akakata kushoto, akaishika ile ya moja kwa moja yenye mabomba. Nilimuuliza kwa nini. Nilitegemea jibu la maana.

"Kwa sababu yako," alisema. "Ningepita kaskazini, ungegundua, ungeandika kurasa mia kwamba hii ya moja kwa moja haipo."

Nikamtafsiria Shangazi. Shangazi alimwongezea samaki, akasema, "Mwambie huyu ningemchukua kwenye kamati yangu bila usaili."

Nimejiuliza mara nyingi tangu siku hiyo ya mwezi wa kumi yeye alihatarisha nini. Mimi ningerudi kwenye mashuka, kazi ya heshima ambayo niliijua. Yeye alikuwa na bosi, na mji mzima uliokuwa unataka kuonekana umekamilika mbele ya wageni wenye mitaji. Alipokuwa ndani ya lile bomba nilidhani ni mtu asiye na wasiwasi. Kumbe tulikuwa waoga wawili, mmoja ameshika ukingo wa meza, mwingine amesimama kwenye tope. Bosi wake alimgombeza, Lin alisema, kisha Bi Darlene alipothibitisha bosi akaanza kuwaambia wageni wengine kwamba ofisi yake ina utaratibu wa kuonesha kila kitu.

Mabomba yalifukiwa baada ya wiki tatu. Niliiandika taarifa hiyo siku ileile, mistari minne, ikiwa na kosa moja la herufi ambalo naliona hadi leo nikifumba macho. Harusi ya Neema ilifanyika mwezi wa saba, ikanyesha, maji yakashuka pale pale Odhiambo aliposema, ndani ya ndoo, ndani ya maua, na wageni wa upande wa bwana harusi wakadhani ni chemchemi ya mapambo. Muhtasari wa kikao cha mwisho niliutoa kikao hakijafungwa, na mama wa chakula aliusoma palepale akasema jina lake nimelikosea. Nikalirekebisha kwa kalamu. Hakuna kilichotokea.

Bado ni mtu mwenye hofu, sitadanganya. Nina ofisi yangu sasa, chumba kimoja Saint Paul, na bado naamka kuhakiki majina. Kilichobadilika tangu mwaka ule ni kwamba watu huiona kazi yangu ikiwa bado mbichi, na mimi huwa nipo chumbani wanapoiona.